Maarifa ya Mawe Katika Nchi ya Karatu na Ngorongoro

Mnamo mwaka 1913 mtaalamu wa Kijerumani wa miamba, Hans Reck, alipiga kambi katika korongo la Oldupai, magharibi ya nyanda za juu za Ngorongoro, akakaa huko miezi mitatu akifukua mifupa ya wanyama waliokwisha kutoweka duniani, akaikusanya kwa mamia na kuisafirisha hadi Berlin. Na katika muda huo wote, kama ilivyodhihiri baadaye, alikuwa akiyapita mashoka ya mawe ya watu wa kale, mengine yakiwa wazi juu ya ardhi, asiyatambue hata moja. Hakuwa mtu mzembe, wala ilimu yake haikuwa haba. Kilichomponza ni kwamba alitoka kwao na sura ya jiwe moja akilini. Kule Ulaya mashoka ya kale aghalabu yamechongwa kwa gumegume, jiwe lile lile ambalo wazee wetu wa pwani walilijua katika bunduki zao za zamani, likigongwa na chuma hata litoe cheche ya kuwashia baruti. Na kwa kuwa Reck alitafuta mashoka ya gumegume asiyaone, alihukumu kwamba mahali pale hapakuwa na vyombo vya binadamu.

Louis Leakey alizaliwa Kabete, akakulia miongoni mwa Wakikuyu, na utotoni mwake yeye naye alisoma kitabu cha Kiingereza kilichosimulia habari za watu wa kale na gumegume lao, akatoka kwenda kulitafuta mashambani. Gumegume hakulipata, lakini aliokota vipande vyeusi vya kioo cha volkano, kiitwacho obsidiani, vilivyochongwa kwa mkono, akavichukua, na Arthur Loveridge, mtunzaji wa makumbusho ya Nairobi, akamthibitishia kuwa baadhi yake vilikuwa vyombo kwa yakini. Mtu aliyefunzwa namna hiyo tangu udogoni hakushindwa kuyashuku mawe ya Oldupai alipoyaona Berlin katika mkusanyo wa Reck. Mwaka 1931 alisafiri kwenda korongoni pamoja na Reck mwenyewe, wakawekeana sharti la pauni kumi, kwamba chombo cha jiwe kitapatikana kabla ya saa 24 kupita tangu wafike. Na Leakey akashinda sharti lile mapema kabisa, kwa maana mashoka yalikuwapo tele, ila yalikuwa ya basalti na ya mawe mengine ya volkano, na ya kwatsi, jiwe gumu jeupe ambalo likiwa safi kabisa watu wa kale wa Bara Arabu waliliita bilauri.

Nimeanza na kisa hiki kwa sababu, katika kuifuatia tarikhi ya mawe ya nchi ya Karatu na Ngorongoro, nimeona kwamba jambo hilo hilo limejirudia kwa sura mbalimbali: jiwe hulala mahali pake bayana, na anayelitambua ni yule aliyezoea mawe ya pale pale, ilhali mwenye kupima kwa kipimo cha kwao hulipita. Wa kwanza kuwa na mazoea hayo hawakuwa na kitabu, wala pengine hawakuwa na lugha.

Karibu na pale yanapokutana makorongo mawili ya Oldupai kiko kilima cha Naibor Soit, ambacho jiwe lake ni kwatsaiti nyeupe ya chengachenga. Ukilivunja hutoa vipande vyembamba vyenye makali ya kukata nyama, lakini ukiligongea kitu kigumu husambaratika mkononi. Basalti na ndugu zake, zilizoburuzwa na vijito kutoka milima ya Lemagrut na Sadiman zikawa kokoto za mviringo, zina tabia ya kinyume: ni nzito, zimeshikamana, zinastahimili kupigwa na kupigwa tena. Fonoliti ya kilima cha Engelosin, iliyo ya kijani, hupasuka vizuri na hulia ikigongwa. Mtaalamu Richard Hay, wa chuo kikuu cha California huko Berkeley, aliyachunguza mawe haya kwa miaka mingi na kuyaeleza katika kitabu chake cha mwaka 1976, akaonyesha ni mlima upi ulitoa jiwe lipi. Na kutokana na kazi yake tunaweza kusema kwamba viumbe wale walioishi pale miaka milioni moja na nusu na zaidi iliyopita hawakuokota lolote lililokuwa karibu. Waliitafuta kwatsaiti kwa kukata na lava kwa kuponda, na mawe mengine waliyatoa mbali, hali wangeweza kuinama tu na kuchukua lililo miguuni.

Hapa yanipasa kumtetea Reck kidogo. Yako kweli Oldupai mawe ya jamii ya gumegume, yaliyoganda kwa mabonge ndani ya tope la ziwa la kale. Lakini yalionekana wazi kwa kipindi kifupi tu, maji ya ziwa yalipopungua, na wachongaji wa kipindi hicho wakayakimbilia mara moja, kisha maji yalipoyafunika wakarejea kwenye kwatsaiti yao. Laiti Reck angepiga kambi juu ya tabaka lile, huenda tarikhi ya elimu hii ingekwenda njia nyingine.

Kusini ya hapo, katika wilaya ya Karatu, karibu na Ziwa Eyasi, pana pango la Mumba, lililochimbuliwa na Mjerumani Ludwig Kohl-Larsen kati ya mwaka 1934 na 1938. Miongoni mwa vitu vilivyotoka katika ardhi yake ni vipande vya obsidiani. Si vigumu kuitenga na mawe mengine meusi: mpasuko wake una mikunjo laini iliyopindana mfano wa kombe, na ukikishika kipande chembamba mbele ya jua, ukingo wake hupitisha nuru ya rangi ya moshi, jambo ambalo basalti hailifanyi kamwe. Ajabu ni kwamba nchi ya Eyasi haina obsidiani hiyo. Vipande vilipopimwa kwa vyombo vya siku hizi ili kujua mchanganyiko wa madini yake, vingi vilionekana kuwa vya miamba ya Naivasha, nchini Kenya, zaidi ya kilomita 300 kutoka pangoni. Kwa hiyo palikuwa na watu wa kale walioujua ubora wa jiwe lile kiasi cha kulisafirisha, au kulibadilishana mkono kwa mkono, kupita bonde zima la ufa.

Tukiziacha zama hizo za mbali tukaja kwa watu tunaowajua kwa majina yao, tunawakuta Wahadzabe, Wairaqw, Wadatoga na Wamasai, kila kaumu na sehemu yake ya maarifa. Wamasai hujipaka ngeu iliyochanganywa na mafuta, na ngeu ni mtihani mzuri wa kuonyesha udhaifu wa kutegemea rangi ya nje. Jiwe lenye chuma liitwalo hematiti, ndilo litoalo ngeu, laweza kuwa jekundu, laweza kuwa jeusi, tena laweza kung'aa rangi ya fedha hata mtu akalidhani madini mengine. Lakini lisage, au lipitishe juu ya kigae cha kaure kisichopakwa mng'ao, na unga wake huwa mwekundu wa kahawia siku zote. Vitabu vya wataalamu huuita mtihani huu mtihani wa mfuo, na huufundisha katika masomo ya mwanzo kabisa. Mwenye kutwanga ngeu kwa ajili ya kujipamba ameufanya maisha yake yote bila ya kuupa jina.

Kadhalika magadi. Katika sakafu ya bonde la Ngorongoro kuna ziwa la magadi, na Natron na Eyasi nako yako, na wafugaji kwa dahari nyingi waliwapeleka ng'ombe wao kulamba ardhi yenye chumvi, tangu kabla mifugo haijazuiliwa kushuka bondeni. Magadi na chumvi ya chakula, vikiwa vyote vyeupe na vyote vikiyeyuka katika maji, mgeni aweza kuvichanganya. Mpishi hachanganyi: magadi yana uchungu wenye kuuma ulimi na kuteleza vidoleni, na yakidondoshewa ndimu hutoa povu, ilhali chumvi hubaki kimya. Povu lile ni hewa ya ukaa inayotoka katika kaboneti, na mtaalamu aliyeko porini hufanya mtihani huo huo kwa chupa ndogo ya asidi ili kulitenga jiwe la chokaa na kwatsi.

Wanyama nao wana mlango wao katika elimu hii. Katika msitu wa nyanda za juu, upande wa Karatu, njia ya kuelekea maporomoko ya Endoro hupita penye mapango yaliyochimbwa na tembo kwa pembe zao, wakiufuata udongo wenye madini wanaouhitaji miilini mwao. Na nyati nao huja kulamba. Ukuta umechimbwa hapa na ukaachwa pale, kwa hesabu ambayo tembo wenyewe ndio waijuao.

Amma wahunzi wa Kidatoga wa kando ya Eyasi, hao hawachimbi madini, lakini macho yao ni ya kuhadharika nayo. Hununua misumari, kufuli zilizoharibika, mabomba na vyuma chakavu, wakavitenga shaba nyekundu mbali na shaba ya manjano, na risasi mbali na bati, kwa rangi ya pale palipokwaruzwa, kwa uzito mkononi, na kwa namna kila kimoja kinavyobadilika rangi motoni. Kisha wakafua bangili, na vichwa vya mishale ambavyo Wahadzabe hubadilishana navyo kwa asali. Nimesikia watu wakisema kwa dharau kwamba kazi hiyo ni ya kuyeyusha takataka. Asemaye hivyo na apewe vyuma ishirini vilivyoshika kutu avitenganishe.

Katika nchi za ng'ambo, mambo haya yaliandikwa zamani. Abu Rayhan al-Biruni, aliyefariki katikati ya karne ya 11, alitunga kwa Kiarabu kitabu kizima juu ya maarifa ya johari, na kabla ya hapo alikwisha kubuni chombo cha kupimia maji yanayomwagika jiwe linapozamishwa, akapata uzito wa kila madini kwa kulinganisha na mengine yenye ukubwa sawa. Kwa njia hiyo na kwa ugumu wa mawe yenyewe aliitenga yakuti na laali, vito viwili vyekundu vilivyowadanganya watu wengi. Hata katika taji la wafalme wa Uingereza limo jiwe kubwa jekundu liitwalo yakuti ya Mwana Mfalme Mweusi, nalo ni laali. Huku pwani, masonara wa Unguja, Mombasa na Lamu walikuwa na mtihani wao wa dhahabu, wa kuisugua juu ya jiwe jeusi laini na kuulinganisha mfuo wake na mfuo wa dhahabu inayojulikana. Ngeu ya Mmasai na dhahabu ya sonara zahukumiwa kwa kanuni moja, ingawa sidhani kama wenye kuzipima waliwahi kukaa baraza moja wakazungumza.

Friedrich Mohs alitoa ngazi yake ya ugumu mwaka 1812, yenye daraja kumi, chini kabisa talki inayokwaruzwa kwa ukucha, juu kabisa almasi isiyokwaruzwa na kitu. Ukucha una ugumu wa mbili na nusu, kisu na kioo cha dirisha karibu tano na nusu, kwatsi saba. Wajerumani waliokuja huku baada ya Oscar Baumann, aliyeliona bonde la Ngorongoro mwaka 1892, walikuwa na ngazi hiyo vichwani; na Fritz Jaeger, aliyezizunguka nyanda hizi mnamo mwaka 1906 na 1907, ndiye aliyezieleza kwa kitabu kuwa ni nchi ya volkano kubwa zilizobomoka. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza kazi ikaingia mikononi mwa idara ya jiolojia ya Tanganyika, ambayo makao yake yalikuja kuwa Dodoma.

Watu husema siku hizi kwamba vyombo vimeyastaafisha macho. Mimi sioni hivyo, na dalili yangu naitoa Oldupai penyewe. Mwezi Julai 1959 Mary Leakey, mkewe Louis, aliliona fuvu walilolipa jina la Zinjanthropus, na mwaka 1961 wataalamu Evernden na Curtis wa Berkeley walitangaza, kwa kupima potasiamu na agoni katika punje za jivu la volkano, kwamba umri wake ni miaka milioni 1.75, jambo lililoishtua dunia. Mwaka huo huo von Koenigswald, pamoja na Gentner na Lippolt wa Heidelberg, wakaipima basalti iliyo chini ya jivu lile, wakapata miaka milioni 1.3; yaani sakafu ikawa changa kuliko nyumba iliyojengwa juu yake. Mashine zote mbili zilikuwa nzuri. Tofauti ilikuwa katika jiwe lililotiwa ndani ya mashine, kwa kuwa basalti ile ilikwisha kuoza na kupoteza sehemu ya agoni yake, na jiwe lililooza hutambulikana kwa kutazamwa: hupoteza mng'ao, hufifia, madini yake hugeuka udongo. Na upande wa jivu vilevile, kabla ya kupima ilibidi punje za fuwele zichaguliwe, za volkano ile zibaki na zile kongwe zilizochanganyika kutoka miamba ya chini zitupwe.

Karibu na mwaka 1970 palitokea zumaridi upande wa magharibi wa Ziwa Manyara, huko Mayoka, chini ya ukuta wa bonde la ufa ambao msafiri wa Karatu huupanda kutoka Mto wa Mbu. Zumaridi hizo zimelala ndani ya miamba ya ulanga, na pamoja nazo hupatikana aleksandriti, kito cha kijani mchana na chekundu mbele ya mshumaa. Biashara ya vito imeleta hila zake, na mwenye kununua kijiwe cha kijani njiani afadhali akitazame kwa kioo cha kukuzia: chupa iliyoyeyushwa huonyesha viputo vya mviringo, ilhali zumaridi ina nyufa na vijiti vya madini mengine, na kingo zake hazikwaruzwi na kisu. Hata wataalamu wametatizika. Jiwe la bluu lililopatikana Simanjiro mwaka 1967 lilidhaniwa kwanza kuwa yakuti samawi, mpaka uchunguzi ulipobaini kuwa ni zoisaiti, laini zaidi kwa daraja kadhaa, tena lenye rangi tatu kwa kadiri unavyoligeuza. Mwaka uliofuata kampuni ya Tiffany ikalipa jina la tanzanaiti.

Lakini hakuna mahali ambapo jiwe limewashinda wenye ilimu kama katika Ol Doinyo Lengai, Mlima wa Mungu wa Wamasai, kaskazini ya wilaya ya Ngorongoro. Kwa miaka mingi wataalamu wa Ulaya walikuwa wakibishana juu ya miamba ya kaboneti inayopatikana katikati ya volkano zilizokufa. Brögger, Mnorwe, alisema mwaka 1921 kwamba iliyeyuka chini ya ardhi na kupanda kwa moto. Wengine wakamkatalia, wakashikilia kwamba hiyo ni chokaa ya kawaida iliyomezwa au kubadilishwa na joto, maana nani aliwahi kuona chokaa ikitiririka? Mwaka 1960 mtaalamu J. B. Dawson, wa idara ile ya jiolojia ya Tanganyika, alishuka katika kinywa cha Lengai akaona lava nyeusi inayotiririka kwa wepesi wa mafuta, na alipoipima akakuta karibu yote ni kaboneti ya sodiamu na kalsiamu, ndugu wa magadi. Habari ilichapishwa katika jarida la Nature mwaka 1962, na mabishano yakageuka.

Lava ile huvunja kila kanuni ya macho. Joto lake ni kati ya nyuzi 500 na 600, nusu tu ya joto la basalti, na kwa hiyo mchana haionyeshi wekundu, mgeni akadhani ni tope. Usiku ndipo huonekana ikiwaka wekundu hafifu. Ikipoa huwa nyeusi. Ikipatwa na unyevu, hata wa umande, huanza kuwa nyeupe baada ya saa chache, na hapo mlima huonekana kwa mbali umevikwa theluji. Ndani yake wataalamu walikuta madini mawili makuu ambayo hayakuwa na jina: moja, lenye fuwele bapa, likaitwa nyerereiti kwa heshima ya Mwalimu Julius Nyerere, jingine, lenye punje za mviringo, likaitwa gregoriti kwa ajili ya John Walter Gregory, Mwingereza aliyelipitia bonde la ufa mwaka 1893 na kuliandikia kitabu. Hayo ndiyo madini yasiyokubali kukaa katika kabati la makumbusho. Atakaye kuyachunguza hana budi kuvitia vipande ndani ya chupa isiyopitisha hewa mara vinapopoa. Kikiachwa mezani kipande huwa unga mweupe baada ya siku kadhaa, na unga huo ni madini mengine kabisa.

Jambo hili limezaa mabishano mapya katika mlima Kerimasi, jirani wa Lengai, uliokwisha kuzimika, ambao miamba yake ni ya kalsaiti, yaani kaboneti ya kalsiamu pasipo sodiamu. Mwaka 1983 Richard Hay, yule yule wa Oldupai, aliandika kwamba majivu ya Kerimasi yalitoka yakiwa na sodiamu mfano wa yale ya Lengai, kisha mvua ikaiosha ikabaki kalsaiti. Na mwaka huo huo Mariano na Roeder, walioitazama lava ya mlima huo huo, wakashikilia kwamba kalsaiti yake iliganda kutoka katika uji wa moto ikiwa kalsaiti tangu asili. Kila upande ulitoa ushahidi wa umbo la fuwele: Hay alionyesha maumbo ambayo madini yaliyoyaacha yamekwisha kuondoka, na wenzake wakaonyesha bapa za kalsaiti zilizolala kwa mpangilio wa kitu kilichotiririka.